Mufuko ya Bitupu Kutoka Kilwa

Miye niliacha kazi mwaka huu, juu magoti ilikataa kupanda mu mashua. Kichwa haikukataa, mikono haikukataa, ni magoti tu. Naandikia nyinyi bamama ya Mantapala, kambi ya wakimbizi, benye munashika sasa kazi yangu, na naandika na Swahili juu mulikuja nayo kutoka Kongo, vile vile miye nilikuja nayo mbele yenu. Nakaaka ku kiti mbele ya nyumba, naona munavyopita na mizigo, na roho inaniuma. Mutu anaingia mu magazini, ile duka kubwa ya bei ya chini, na macho ya harusi, anatoka na biskuti yenye hata kuku yangu inaizunguka, inaiangalia, inaenda zake.

Sitasema nilikuwaka napata ngapi. Bajukuu yangu bote banaenda ku masomo na viatu mu miguu, na mukubwa yabo iko anasomea ualimu kule Mansa. Mwenye anapenda hesabu, ahesabu ya kwake.

Kwa mwenye hajui kazi yetu, nitaeleza. Kilwa yetu ni kisiwa mu ziwa Mweru, huku Zambia, mbele ya Nchelenge. Kule kuko samaki, mihogo, makanisa na maneno mingi. Duka ya maana hakuna. Batu ya kisiwa habawezi kulipa mashua kila juma juu ya kununua chumvi, njo maana banatutuma siye. Ba Zambia banatuita bakashita, ni kusema banunuzi. Mashua inafika huku kwetu Kashikishi asubuhi, mwenye mashua anatupa gunia ku muchanga, na mu gunia muko bitupu: mufuko ya unga yenye ilikwisha, chupa ya mafuta, karatasi ya sabuni, bwate, ni kusema kopo, ya majani ya chai. Kila nyumba inafunga bitupu yake na kipande ya kitenge, feza ndani, na kitenge ya kila nyumba tunaijua sawa vile tunajua sura ya batu. Kitupu njo komande, njo agizo yabo. Unaangalia, unanunua ya namna ile ile, ukubwa ile ile, unarudisha na mashua. Leo simu iko, lakini batu banatuma kitupu tu. Simu inazimika moto, na mu simu mutu anasema “sabuni” halafu ukimupelekea sabuni anasema haikuwa ile.

Miye nilizaliwa Pweto, upande ya Kongo, nikaolewa Kashikishi. Kibemba yangu ilikuwa inachechemea, na bwana yangu alikuwa muvuvi mwenye alipenda kulala kuliko kuvua. Nilitafuta kazi. Balinionyesha mama moja ya Kashikishi, Bana Ngosa, ni kusema mama ya Ngosa, mufupi, shingo hakuna, sauti ya kufukuza mbuzi. Yeye njo alikuwa mukubwa ya bakashita wote. Siku ya kwanza alimwanga gunia ku muchanga, akaniuliza:

“Unaona nini?”

“Naona takataka, mama.”

“Basi rudia Pweto.”

Sikurudia. Nilikaa pale pale, kitako mu muchanga. Aliniacha nikae mpaka jua ikawa kali, kisha akachukua chupa moja ya mafuta, akanisukumia ku pua.

“Nusa. Nyumba hii inaomba mafuta gani?”

Chupa ilikuwa ya mafuta ya kula, na picha ya alizeti, lakini ilinuka petroli ya taa.

“Ya taa,” nikasema.

“Ukibapelekea ya kula, bataweka mu taa, na nyumba itanuka vitumbua mpaka watoto balie. Sasa anza kunusa ile ingine.”

Kufundishwa kwangu kulikuwa vile. Hakunishika mukono hata siku moja. Alikuwa ananiacha nikosee, kisha anacheka na bamama bote banacheka, na kosa ile sikuirudia. Alinifundisha kupima unga na mukono, kuinua gunia mara moja na kujua kama balipunguza. Alinifundisha kusugua muchele mu kiganja: kama kiganja inabaki na vumbi nyeupe, muchele ni ya zamani, ilikaa mu depo mpaka wadudu balichoka nayo. Alinifundisha sabuni ya mustari, ile murefu banakata vipande. Unaingiza kucha. Kama kucha inazama kama mu siagi, sabuni ni maji, utaipeleka Kilwa nzito na itafika mbavu nje kama mbwa. Bana Ngosa alikufa akiwa bado anafanya kazi, na hata ku kitanda alikuwa ananusa uji yenye balimuletea.

Wakati ule tulinunua ku madepo, kwa batu tulijua majina. Mutu akikuibia, ulijua nyumba yake. Kisha magazini kubwa ilikuja Mansa, halafu ingine ikafunguliwa huku kwetu Kashikishi, na jina ya kusema kila kitu ndani ni bei ya chini. Siku ya kufungua kulikuwa muziki, maputo, na kijana mwenye alivaa nguo ya kuku anacheza ku mulango. Batu balitoka Nchelenge, balitoka Kafutuma, balitoka na mabaiskeli, balijaa kama ni gari ya msaada. Miye niliingia, nikazunguka yote, nikatoka mikono mitupu. Bamama balinicheka. Jioni balikuja moja moja kuniuliza juu ya nini mafuta yabo ilikuwa inatoa povu.

Sitaki museme nilichukia magazini. Nilinunua mule miaka mingi, na Kilwa balikula vizuri. Nilichukia namna munavyoingia mule. Munatembea kichwa juu, munachukua chenye kiko mbele ya macho. Mukubwa ya magazini si mujinga. Yeye anapanga mbele ya macho yako kitu yenye yeye anataka kuuza. Kitu yenye wewe unataka kununua iko ku etajere, ile rafu ya chini, ku mbao ya mwisho, karibu na vumbi. Inama. Wakati nilikuwa na magoti, nilinunua kwa magoti.

Mufuko ya unga ya mahindi yenye banaita breakfast, angalia namba ya kilo yenye iko chini, si picha. Picha ya muhindi inabaki ile ile miaka yote, ni mufuko njo unakonda. Chupa ya mafuta, ipindue, uingize kidole mu kitovu yake. Ile kitovu inaingia ndani sana ni mafuta yenye haukupewa. Bwate yenye ilibonyea ku mbavu, nunua, ni bei muzuri na hakuna kitu ndani ilikufa. Bwate yenye ilibonyea ku mushono, acha. Bwate yenye ilivimba, sogea mbali nayo, na kama mutu ya magazini anakuambia ni hewa tu, muambie aifungulie nyumbani kwake. Bintu tatu bilifungwa pamoja na karatasi ya gundi, na baliandika unalipa mbili: angalia ile ya katikati. Tarehe yake ni ya juma ijayo. Baliificha katikati sawa vile unafichaka mutoto mwenye mafua mu basi.

Na ile karatasi ya manjano yenye iko na bei mbili, moja baliikata na mustari mwekundu. Nyinyi munaona ile ya kukatwa na munafurahi kama balikupa zawadi. Miye nilikuwaka mu magazini kila juma, na ile bei ya kukatwa sikuionaka siku hata moja. Ilizaliwa na mustari mwekundu juu yake.

Halafu ku kese, pale banalipia, ufungue macho. Bei ya etajere na bei ya masini si ndugu. Siku moja sukari iliingia mu masini na bei yake ingine. Nikasema. Binti ya kese, kucha ndefu kama za kuvulia samaki, akaniambia:

“Mama, masini haikosee.”

“Masini haina mashua yenye inaingoja. Ita mukubwa yako.”

Mukubwa akakuja, tai ku shingo na jasho chini ya tai, akaniita mama na Kibemba. “Ba mayo, ile bei ya ku etajere ni ya jana.”

“Basi niuzie ya jana. Miye pia ni ya jana.”

Batu ya ku mustari balicheka, na yeye aliona itachukua siku muzima. Akaniuzia ya jana. Sikusema akisante. Akisante inabaki kwa mutu mwenye anakupa chake.

Sasa nifike ku kazi ngumu kuliko zote, juu niliona hata sasa kuko batu banaisema upande upande.

Kulikuwa nyumba moja ku Kilwa, kitenge yake ya kijani na ndege ndogo ndogo. Mwenye nyumba ni Bana Mwape. Binti yake mukubwa, ule Mwape mwenyewe, alikufa wakati ya kuzaa, na mutoto akabaki. Mutoto ni musichana, bakamupa jina ya mama yake. Bana Mwape akawa na mutoto mwenye hana ziwa ya kunyonya. Ndugu yake Bana Mwape, Kabaso, mwanaume mwenye anajiona mujanja juu alifika Mansa mara mbili, aliamua kuvuka yeye mwenyewe kununua maziwa, siye tusipate feza ya kazi yetu. Aliingia mu magazini ile ya bei ya chini siku ya promosyo, siku ya kushusha bei. Akaona mulima ya mifuko nyeupe na bluu, bei ya kucheka, na picha ya kikombe na kitu nyeupe inamwangika ndani. Akabeba mingi, akarudi Kilwa anaimba.

Hiyo yote nilikuja kuijua nyuma. Chenye nilijua miye ni gunia ya asubuhi moja. Nilikuwa na Furaha, mama kijana ya Mantapala, ule mwenye sasa iko mukubwa yenu. Tulifungua kitenge ya kijani na ndege. Ndani kulikuwa kitupu ya unga, kitupu ya chumvi, karatasi ya sabuni, na ile mifuko nyeupe na bluu, rundo nzima, yote ilikamuliwa mpaka unga ya mwisho.

Furaha alikuwa tayari anaweka feza mu kikapu. Miye nilibaki na ile rundo mu mapaja.

“Mama, twende, magazini itajaa batu.”

“Ngoja. Kitupu ya sukari iko wapi?”

“Haikutuma sukari.”

“Na ya majani ya chai?”

“Hapana.”

Ile mifuko niliijua. Nyumba ya bageni ya Nchelenge ilikuwa inanitumaka kuinunua. Si maziwa. Ni krima ya kahawa, unga ya mafuta na sukari kidogo, bageni banaitia mu kikombe kahawa iache kuwa nyeusi. Sasa nyumba ya wavuvi ku Kilwa inakula krima rundo muzima, na haina chai, haina kahawa, haina sukari. Nani anakunwa krima peke yake, na maji tu?

Nilimupa Furaha mufuko moja asome, juu yeye alifika mbali na masomo na macho yake ni ya kijana. Ku mugongo, na herufi ya sisimizi, baliandika ya kama si chakula ya mutoto muchanga. Furaha alisoma mara mbili. Yeye pia ni mama. Aliweka kikapu chini.

“Labda banaikunwa bakubwa,” akasema.

“Bakubwa ya Kilwa? Bale banasema chai bila sukari ni dawa ya minyoo?”

Tulienda ku magazini. Krima ilikuwa bado pale, mulima nzima ku mulango, bei ilishuka tena. Maziwa ya mutoto, ya bwate, ilikuwa nyuma kabisa, baliifungia mu kabati ya vioo kama dhahabu, juu batu banaiiba. Na bei yake, we. Ile feza ya mu kitenge ilitosha krima na unga na chumvi na sabuni ya nyumba yote. Ao ilitosha bwate mbili ya maziwa na hakuna kitu ingine. Balinifungulia, nilipindua bwate yote, nilitafuta ya kubonyea mbavu, nilimuuliza mukubwa ya tai kama kuko ya bei ya kushuka. Hakuna. Ile siku, ujanja yangu yote ya etajere ya chini haikunisaidia na kitu.

“Mama,” Furaha akasema, “komande ni komande. Wewe njo ulinifundisha. Kashita mwenye anabadilisha, kesho hana mufuko.”

Ni kweli nilimufundisha. Bana Ngosa pia alinifundisha miye. Batu ya kisiwa habakuone, habajue ulienda wapi na feza yabo. Chenye kinabafanya balale ni kujua kitu yenye balituma njo itarudi. Nililipa bwate mbili. Furaha aliangalia chini. Kisha nikapanda mashua miye mwenyewe, juu kitu kama ile haupe mwenye mashua akaeleze.

Bana Mwape alikuwa ku mulango, anapepeta. Kabaso alikuwa pembeni anashona wavu. Mutoto alilala ku mukeka, na sikungoja nikaribishwe, nilienda kumuangalia. Alikuwa na uso ya muzee. Nywele ilikuwa nyekundu nyekundu. Nilibonyeza muguu na kidole, na shimo ikabaki. Hakulia. Mutoto mwenye analia hana shida kubwa, ile ya kutolia njo ilinitisha.

“Bana Chola,” akasema, ni jina yangu kule. “Unga iko wapi?”

“Hakuna unga.”

“Sabuni?”

“Hakuna sabuni. Iko hii.” Niliweka bwate mbili chini.

“Nilituma bwate, miye?”

“Hapana.”

“Basi juu ya nini unaniletea bwate? Kitupu haukukiona? Ao macho ilikufa?”

“Nilikiona. Ile ni ya kutia mu kahawa. Maziwa haimo.”

“Iko nyeupe.”

“Chokaa pia iko nyeupe. Utamupa chokaa?”

Kabaso hakuinua kichwa ku wavu. “Mu magazini baliipanga pamoja na maziwa,” akasema.

“Na dawa ya panya baliipanga karibu na chumvi. Ungeleta ile pia? Ikunwe wewe, Kabaso, mwezi muzima, hakuna samaki hakuna bukari ya unga, tuone nywele yako.”

“Na sisi tutakula nini?” Bana Mwape akauliza. “Niko na batu ndani ya nyumba.”

“Muko na mihogo mu maji pale nyuma, nainusa kutoka hapa. Mutu mukubwa hafi na mihogo. Funga mutoto, tunaenda ku klinike, mashua iko inaningoja.”

Hakufunga mutoto. Aliweka lungo chini, akakaa.

“Siendi.”

“Bana Mwape.”

“Siendi. Wakati ya Mwape, binti yangu, sista ya klinike alisema nilichelewa kumuleta. Alisema mbele ya mustari nzima ya bamama. Alisema muzee kama miye. Leo niende na huyu, aseme namuua pia?”

Nilikuwa nilikuja na matusi ya kutosha kisiwa muzima, na haikufaa hata moja. Mutoto alikuwa anapumua kama mutu mwenye anapanda kilima. Mwenye mashua alipiga filimbi ku maji.

“Utasema ni miye nilinunua,” nikamuambia. “Kila mutu anajua kazi ya kununua ni yangu. Wewe unatumaka tu.”

“Utasema hivyo mbele ya sista?”

“Nitasema.”

“Na mbele ya mustari?”

“Mustari iko na masikio, itasikia.”

Alisimama, akachukua kitenge, akafunga mutoto ku mugongo. Kabaso alitaka kubeba bwate. Nilimunyanganya.

Ku klinike ya Nchelenge tulikaa ku benchi na bamama na batoto yabo banene. Sista alikuwa kijana, na hakuwa mubaya. Alimupima mutoto, akaangalia muguu, akauliza anakula nini. Bana Mwape akatoa mufuko nyeupe na bluu, akaiweka ku meza.

“Nani alinunua hii?”

“Miye,” nikasema.

“Ba mayo. Picha ni ya kikombe ya kahawa. Mutoto ya miezi tatu anakunwaka kahawa?”

Ku benchi balicheka.

“Bei yake ilikuwa ya chini, ha? Ulifurahi, ha? Muzee muzima kama wewe, na batu banakupa feza yabo ununue?”

Miye mwenye nilifukuza bakubwa ya tai ku kese, nilisimama pale kama mutoto mwenye alijikojolea mu masomo. Kila neno ya sista ilikuwa ya haki, alikosea tu mutu. Bana Mwape alikuwa anaangalia karatasi ya malaria ku ukuta, na hakuna mutu alishasoma karatasi ya malaria vizuri kama yeye siku ile. Sikumuangalia. Nilisema, “Ndiyo sista,” na tena, “Ndiyo sista,” mpaka akachoka. Kisha akamulaza mutoto, akamuonyesha Bana Mwape namna ya kuchemusha maji, namna ya kusawazisha kijiko ya maziwa na kisu, isipite, isipunguke, hata kama unataka bwate ichelewe kuisha.

Maneno ilifika Kashikishi mbele yangu. Mu gunia ya juma ijayo, kitenge ingine haikukuwamo. Ya juma ingine, pengo ikaongezeka. Balienda kwa kashita ingine, mwanaume moja mwenye hajui tofauti ya muchele na changarawe. Furaha alikuwa anachemka.

“Mama, nitabaambia ukweli.”

“Utabaambia, halafu watafika kumucheka Bana Mwape, halafu ataficha mutoto ku kisiwa, hatarudi kumupimisha. Sista alisema apimwe kila mwezi. Funga kinywa, nusa bitupu.”

Alifunga kinywa. Hiyo pia ni kazi, na ni nguvu kuliko kuinama. Mutoto alirudi kupimwa mwezi na mwezi. Shimo ya ku muguu ikaondoka, nywele ikakuwa nyeusi. Siku moja nilimusikia analia kutoka mbali ku benchi, sauti ya kupasua mabati, na nilipita bila kusimama juu sikutaka batu baone uso yangu.

Munaniulizaka kama kashita anaweza kubadilisha komande. Hapana. Kashita habadilishi. Lakini kama kitupu inakusumbua, panda mashua, uende uulize mbele ya mutu, na uchukue matusi yake. Kama haupendi matusi, uza nyanya. Na habari ya bei, acheni kuniletea furaha yenu ya promosyo. Krima ile ilikuwa bei ya chini kuliko kitu yoyote mu magazini nzima, na ingetugharimu mutoto.

Mu mwezi ya mwisho ya kazi, nilishuka ku Kashikishi na Furaha kungoja mashua. Ku muchanga bamama balikuwa bengi, ya samaki na ya mihogo. Mama moja, muuza chisense, zile samaki ndogo za kukausha, aliangalia Furaha na sisi bote tulisikia vile alisema:

“Wewe njo unachukua kazi? Ulifundishwa na ule mwenye alinunulia mutoto krima?”

Furaha alinigeukia. Nilimupa jicho anyamaze.

Mashua ilikuwa imeshafika, na Bana Mwape alikuwa anashuka, maji ku magoti, mutoto ku mukono. Mutoto alikuwa na tumbo ya mutu ya serikali. Bana Mwape alisikia. Aliweka mutoto ku muchanga, akakunja kitenge ya maji, hakuwa na haraka.

“Krima?” akasema. “Huyu? Kama angeninunulia krima ningefurahi, ilikuwa bei rahisi. Krima aliinunua Kabaso ndugu yangu. Huyu Bana Chola alininunulia maziwa ya bwate, ya bei ya kuuza nyumba. Feza ya unga yote ilikwisha. Tulikula mihogo mpaka meno ikalegea. Nyumba nzima ilimutukana.”

Muuza chisense aliangalia samaki yake. Bamama ingine baliangalia mutoto, kisha miye, kisha mutoto.

Bana Mwape alikuwa bado hajamaliza. Akanigeukia.

“Na sabuni yangu haukuleta mpaka leo.”

“Sabuni iko mu magazini,” nikamuambia. “Una miguu. Ingia ununue, na uingize kucha.”

Alifyonza, akamubeba Mwape mudogo, akaenda juu ku soko, na mutoto alikuwa anapiga mateke.

Ku njia ya kurudi, Furaha aliniuliza kama Bana Mwape alikuwa ananisifu ao alikuwa ananitukana. Nilimuambia ku Kilwa ni sauti moja.